Unyoya wa Bwana Shauri

Juzi nimevunja chupa ya mafuta ya ufuta jikoni kwangu. Sikuivunja kwa hasira, ni kwa uzee tu: mkono ulisema nimeishika, sakafu ikasema hujaishika. Mjukuu wangu alikuja mbio na tambara, akanikuta nimesimama katikati ya vigae, macho nimeyafumba, nanusa.

"Bibi, umeumia?"

"Sijaumia. Nipo bwawani."

Akaenda kumwita mama yake.

Ninyi wa rika langu msingemwita mtu. Mngevuta kigoda mkakaa, mkaniuliza bwawa lipi. Kwa watu wengi mafuta ya ufuta yananukia mboga ya majani na wali wa sikukuu. Kwangu mimi yananukia ushindi. Nimeshinda mara chache sana katika maisha haya, ndiyo maana naweza kuwasimulia bila kuchanganya.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wapo watoto waliozaliwa na miguu ya kutembea, mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Wenzangu walikwenda kutazama treni ikiingia Nachingwea, wakarudi wameungua jua na wana habari za kuhadithia mwezi mzima. Mimi nilikuwa jikoni kwa Bibi, mzaa mama yangu, namenya karanga, nazila, nasingizia kuku. Walikwenda kuokota vikopo kwenye kambi ya Wazungu. Mimi nilikuwa jikoni. Kaka yangu Hamisi alinibandika jina la Mwali, kwa sababu msichana akiwekwa ndani kwa unyago hatoki nje, na mimi nilikuwa sitoki nje na unyago wenyewe bado uko mbali. "Mwali," alikuwa akiniambia, "siku utakayoingizwa ndani hutajua tofauti." Bibi naye aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na alikuwa akilalamika kwamba mume wetu, yaani marehemu babu, aliniachia mimi uvivu wake wote, yeye akamwachia majembe.

Sasa, jiko la Bibi lilikuwa juu ya mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na bwawa. Bwawa hilo walilichimba Wazungu wa karanga, wale waliokuja kufungua mashamba makubwa, kwa mashine zao, zile zilizong'oa miti kama mtu anavyong'oa magugu. Wakakinga kijito, maji yakajaa, yakaimeza miti mingine imesimama vilevile, ikabaki imetoa vichwa vikavu juu ya maji. Halafu lori likaja na madebe ya maziwa, na ndani ya madebe hamna maziwa, mna samaki wadogo kama vidole. Wakawamwaga humo. Walipokua tukawaona: wa kijani kwa juu, ubavuni wana mstari mweusi, na mdomo, jamani, mdomo unaoweza kumeza ngumi. Watu wakawaita midomo.

Midomo hakuna aliyewaweza. Nyavu zilinasa kwenye visiki vya chini zikachanika. Mitego ya kusuka haikuingia kitu. Kutia utupa, ile dawa ya majani inayolevya samaki, kulikatazwa, maana ndiyo maji tuliyokuwa tunakunywa. Hamisi na wenziwe walitupa ndoano zao zenye minyoo na jiwe la kuzamishia, jiwe likapiga maji puu, midomo wakahamia ng'ambo, na minyoo ikaliwa na vipelege visivyojaza hata kijiko. Mwishoni watu wakasema ni samaki wa Kizungu, wanasikia Kizungu tu.

Aliyewaweza alikuwa Mzungu mmoja wa kambini, mrefu, mwekundu, mwenye kofia iliyochoka na viatu vya mpira vilivyompanda hadi mapajani. Kila jioni alikuja bwawani, na kila jioni mimi nilikuwa kwenye tundu la ua wa jikoni, namtazama. Nilimjua kuliko nilivyowajua wajomba zangu. Alikuwa na fimbo ndefu nyembamba na kamba ya rangi ya manjano. Hakutupa kitu majini kama watu. Alichapa. Fimbo inakwenda nyuma, kamba inajinyoosha hewani kama ulimi wa kinyonga, inasita, kisha inarudi mbele na kulala juu ya maji polepole. Anachapa tena. Mwisho wa kamba kulikuwa na manyoya kidogo ya ndege yaliyofungwa kwa uzi. Manyoya hayo aliyaweka kwenye kibati, na kabla ya kufunga unyoya kambani alikuwa akikifungua, akayatazama moja moja, akitafuna kiko chake, akachagua.

Na akimpata samaki, anamwinamia, anamnong'oneza kitu, anamrudisha majini.

Nawaulizeni, mtoto mwenye akili timamu afikiri nini? Nilifikiri kilichokuwa wazi kabisa. Huyu si mvuvi. Mvuvi gani anamrudisha kitoweo majini? Huyu ni mganga wao. Wakati huo kila mtu Nachingwea alijua kwamba karanga za Wazungu zimegoma, mvua inakuja pale isipotakiwa, ardhi imekuwa ngumu kama chungu. Kwa hiyo wamemleta mtu wa kuyachapa maji yatii. Manyoya yale ni hirizi. Kibati ni mkoba wake wa dawa. Samaki ni mjumbe, anatumwa chini akawaambie wenyewe wa maji. Nilimweleza Bibi yote haya. Bibi alisema kwa Kimwera chake, ambacho nakiandika hapa kwa Kiswahili ili tusikilizane: "Basi mwambie awachape na nguruwe wanaokula mihogo yangu."

Dawa yake haikufaa. Wazungu wakafunga mizigo, mashine nyingi zikapakiwa, yule mganga naye akaondoka na fimbo yake. Midomo wakabaki bwawani, wananenepa, wanaruka jioni kama wanaotucheka.

Ndipo Mjomba Saidi alipokuja kutoka Kilimarondo.

Kwetu, mnajua, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema neno baba anakohoa na mama anatazama chini. Mjomba Saidi alikuwa mtu wa tumbo na kicheko, mtu mzuri kabisa, na nilimpenda mpaka jioni ile ya Jumatano alipokula, akanawa, akanitazama na kusema:

"Mpwa wangu amekua. Nitamchukua."

"Umpeleke wapi?" Bibi akauliza.

"Kwangu, mama. Nyani wananimalizia mahindi, nguruwe wanamalizia yaliyobaki. Nataka mtoto wa kukaa dunguni apige debe. Huyu hapa ana kazi gani? Kila nikija namkuta amekaa palepale. Mara ya mwisho nilidhani ni mtungi."

Hamisi akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Dungu nililijua kwa kusimuliwa: kitanda cha miti kilichopandishwa juu ya nguzo katikati ya shamba, kisicho na ukuta, kisicho na Bibi, kisicho na moto wa jikoni. Na Kilimarondo wakati ule si nyani tu waliopita shambani. Tembo alipita. Mtoto anayeogopa bata wa jirani ampigie tembo debe? Nilimtazama mama yangu, mama yangu akatazama chini.

Bibi alikuwa anasafisha sufuria. Hakuinua hata kichwa.

"Huwezi kumchukua," akasema. "Huyu ndiye anayenipatia kitoweo."

"Kitoweo gani?"

"Samaki. Wale wa bwawani, wenye midomo."

Hamisi akaacha kucheka, akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma.

"Mama," Mjomba akasema taratibu, "samaki wale hakuna mtu mzima aliyewavua."

"Nimesema ni mtu mzima? Nimesema ni huyu."

Mjomba akanigeukia. "Kweli, mpwa wangu?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akajibu kwa niaba yangu kwamba mimi si mtu wa majivuno. Mjomba akajipiga paja. "Haya! Mimi naondoka Jumamosi asubuhi. Keshokutwa ni Ijumaa. Nikitoka msikitini nile huyo samaki. Nikimla, mtoto namwacha, na neno hili sitalirudia tena. Nisipomla, Jumamosi tunaondoka wote."

Alipokwenda kuoga nilimvamia Bibi. "Bibi, mbona umesema navua samaki?"

"Ulitaka niseme unavua nini? Masufuria?"

"Lakini sijui kuvua!"

"Mke mwenzangu, misimu mingapi umebandika jicho kwenye tundu la ua wangu mpaka tundu limepanuka? Nilidhani unajifunza. Kumbe ulikuwa unatazama tu?"

"Bibi, yule hakuwa mvuvi. Alikuwa anafanya dawa."

Bibi akafikiri kidogo. "Basi na wewe fanya dawa," akasema. "Mimi nahitaji samaki, sina haja ya kujua ametoka mlango gani."

Ndivyo nilivyoanza, Alhamisi asubuhi, kutafuta vifaa vya uganga wa maji.

Hamisi alinipa fimbo yake ya mwanzi, nene kama mkono wake, kwa huruma. Niliirudisha. Fimbo ya Mzungu ilikuwa inapinda kama paka anayejinyoosha, hii haikupinda kwa lolote, ilikuwa ya kuulia nyoka. Nyuma ya jiko kulikuwa na mzigo wa fito za kujengea paa jipya. Nikazichomoa mmojammoja, nikawa nautikisa, nausikiliza, naurudisha. Mzito, mkavu mno, uliopinda, wenye fundo. Bibi akapita na ndoo.

"Unachagua ufito au mchumba?"

"Ufito, Bibi."

"Basi usichague kwa muda mrefu hivyo. Mchumba mwenyewe sikumchagua hivyo."

Niliupata mwisho kabisa wa mzigo. Ulikuwa mrefu kunizidi mara mbili, mwepesi, na nilipoutikisa kisha nikautuliza mkono, ncha yake iliendelea kutetemeka peke yake, kama mtu aliyemaliza kulia lakini kifua bado.

Kamba ilinisumbua. Ya katani ilikuwa nzito na inakunywa maji. Uzi wa fundi cherehani ulikuwa mwepesi mno, niliurusha ukarudi kunibusu usoni. Nikakumbuka kwamba kamba ya Mzungu ilikuwa nene upande wa fimbo, ikaenda ikinywea, mpaka kule kwenye manyoya huioni tena. Mimi nilikuwa nimeshajieleza sababu: sehemu nene ni ya kuchapia, sehemu nyembamba ni ya kunong'onezea. Bibi akachukua pamba, akakaa, akakunja kanga, akaanza kuisokota pajani. Alianza nene, akapunguza, akapunguza, ikaisha kama mkia wa panya. Mbele yake tukaunganisha uzi wa cherehani uliosokotwa mara tatu na kupitishwa kwenye nta ya nyuki.

Nikakumbuka jambo jingine. Kabla ya kuanza, Mzungu alikuwa akiipaka kamba yake mafuta, akiivuta taratibu katikati ya vidole, kama mtu anavyomchua mgonjwa. Nilijua kwamba dawa bila kupakwa mafuta haishiki. Bibi akanipa kibuyu cha mafuta ya ufuta, akaniambia nitumie kidogo, nikatumia chote. Kamba ikang'aa, ikanukia, na nzi wa mteremko mzima wakaja kunisalimia.

Ndoano alikuwa nayo Hamisi. Nilimpa ukoko wangu wote wa sufuria mpaka mwezi mwingine uandame. Aliikubali biashara hiyo kwa sura ya mtu anayemnyang'anya marehemu.

Kilichobaki ni hirizi. Bibi alikuwa na jogoo mmoja aliyeitwa Bwana Shauri, kwa jina la wale maofisa wa serikali waliokuja kusikiliza kesi za watu, maana na yeye alitembea ua mzima ametanguliza kifua, akikagua, akimkemea kila mtu na asitatue chochote. Shingoni alikuwa mwekundu kama kaa la moto, mkiani kijani cheusi kinachometameta. Niliamua kwamba samaki wa Kizungu hatamtii kuku wa kawaida. Lazima atoke mwenye cheo. Sitawaeleza jinsi nilivyompata, ila kwamba nilikimbia siku ile kuliko nilivyokimbia maisha yangu yote ya nyuma, na alama ya kucha zake ninayo bado mkononi. Nilichomoa unyoya wa shingoni mmoja na wa mkiani mmoja, nikayafunga kwenye ndoano kwa uzi mweusi, mafundo juu ya mafundo, kama nilivyomwona mwalimu wa chuo cha Kurani akifunga hirizi za watoto, na Bismillahi juu.

Alasiri nikateremka bwawani. Uganga ni uganga, nilifuata kila kitu. Mzungu alivaa kofia, mimi nikavaa kikapu cha Bibi kilichotoboka. Mzungu alitafuna kiko, mimi nikabana kipande cha kopa, yaani muhogo uliokaushwa, mdomoni. Mzungu alikohoa kabla ya kuchapa, nikakohoa. Na kulikuwa na neno lake moja fupi alilokuwa akilisema kwa nguvu kila samaki alipomponyoka. Nililijua kwa sauti tu, nikalichukulia kuwa ndiyo siri ya dawa yote. Nililisema kwa adabu, mikono kifuani. Maana yake niliijua sekondari, na mwalimu aliyenieleza aliniamuru nikasukutue.

Nikachapa.

Kamba ikajifunga shingoni mwangu. Nikaifungua, nikachapa tena, ndoano ikanasa kikapu kichwani, nikakivuta, kikapu kikaruka majini. Watoto walikuwa wamekwisha jaa ukingoni. Hamisi amewaita.

"Mwali anayachapa maji! Maji yamekukosea nini, Mwali?"

"Mwulize nyani wa Kilimarondo anapenda mahindi mabichi au ya kuchoma!"

"Akifika dunguni atamvua tembo!"

Nilichapa mpaka mkono ukafa ganzi. Midomo waliruka mbali kule kwenye miti iliyokufa, na kamba yangu ililala miguuni pangu kama matumbo ya kuku. Nikapanda mteremko na machozi na kopa lililolowa. Mjomba alikuwa barazani akila miwa. Hakunicheka, na hilo lilinitisha kuliko kucheka. Alisema tu, kwa upole, "Kilimarondo kuna matango mazuri sana, mpwa wangu."

Nikaingia jikoni nikakaa. Nje Bibi alikuwa anapeta ufuta, jua la jioni likimulika vumbi lake. Nilimtazama kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Ungo unakwenda juu, ufuta unapaa, Bibi anasubiri. Hauwahi. Anasubiri pale hewani mpaka mbegu zote zifike mwisho wa safari yao, makapi yaachane nazo, ndipo ungo unarudi kuzipokea. Rusha, ngoja, pokea. Kazi hiyo nilikuwa naifanya mwenyewe tangu ungo ukiwa mkubwa kunizidi, na mtu akiwahisha mkono ufuta unamwagika chini na Bibi anamwita majina.

Nikasimama.

Mzungu alikuwa anasubiri! Kamba ikienda nyuma, alisita, nimemwona mara elfu akisita, na nilidhani anaomba dua. Hakuwa anaomba. Alikuwa anapeta. Alikuwa anaingoja kamba ifike mwisho wa safari yake kule nyuma ndipo aiite mbele. Mimi nilikuwa naiita kabla haijafika, ndiyo maana ilinirudia na hasira.

Nilichukua ufito nikasimama uani, bila ndoano, mbele ya kuku. Rusha, ngoja, pokea. Kamba ikapaa nyuma juu ya paa, ikanyooka, ikarudi, ikapita juu ya kichwa cha Bwana Shauri na kulala mchangani moja kwa moja, bila hata kutimua vumbi. Jogoo akaruka pembeni akatoa amri. Bibi aliendelea kupeta. "Mwishowe," akasema, "umepata kazi ya mikono."

Ijumaa nilishuka mapema. Sikuvaa kitu kichwani, lakini kopa nilibana, maana huwezi kujua. Nilichapa asubuhi nzima. Kamba ilikwenda sasa, ililala karibu na miti mikavu, mafuta ya ufuta yakaielesha juu ya maji kama jani, na unyoya ukateremka kwa kuchelewachelewa. Hakuna kilichotokea. Jua likapanda. Watoto wakachoka kunicheka wakaenda zao, jambo linaloumiza kuliko kuchekwa. Nikasikia sauti ya Mjomba nyuma yangu: alikuwa ameteremka na Hamisi kuoga kabla ya sala, shuka kiunoni, kanzu yake nyeupe mabegani mwa Hamisi.

"Bado?" akauliza.

"Bado, Mjomba."

"Basi acha, mwanangu. Umejitahidi. Njoo ukafunge nguo zako."

Nikasema, "Mara moja tu, Mjomba." Nikarusha. Nikangoja, nikangoja mpaka nikasikia uzito wa kamba ukinivuta bega kwa nyuma, nikaipokea. Ilikwenda mbali kuliko zote, unyoya wa Bwana Shauri ukatua kwenye kivuli cha mti mkavu, juu ya maji yaliyotulia kama chai. Nikaugusa kidogo. Ukatikisika.

Maji yakafunguka.

Siwezi kulisema vingine. Palikuwa na maji, kisha palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mdomo. Ufito ukapinda ukanywa maji kwa ncha. Samaki akatoka mzima, akasimama juu ya mkia wake, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa posa, akaanguka kwa kishindo, akavuta. Hamisi alipiga kelele jina langu la kweli, ambalo sikujua kama analijua.

"Mshike!" Mjomba akapaza sauti. "Mvute! Usilegeze!"

Nimvute vipi? Mzungu alikuwa na kigurudumu cha kuzungusha, mimi nilikuwa na ufito na mikono miwili tu. Samaki alivuta kuelekea kwenye visiki. Akifika visikini uzi umekwisha, na mimi niko dunguni. Akili yangu ikatafuta ni kitu gani duniani ninachokijua vizuri, nikifanye. Na kulikuwa na kimoja tu.

Nilirudi nyumbani.

Niligeuka, nikauweka ufito begani kama mwenye kubeba kuni, nikakimbia. Nilipanda mteremko kwa njia yangu ile ya kila siku, kamba imenyooka nyuma yangu, na mwisho wa kamba samaki akatoka majini akipiga majani, akapita kwenye matope, akapita kwenye nyasi, akaruka kichuguu. Nyuma yake Mjomba anakimbia na shuka amelishika kwa mkono mmoja, akipiga kelele, "Simama! Amekwisha toka! Simama, mtoto wewe!" Nyuma yake Hamisi na kanzu inapepea kama bendera. Sikusimama. Nilikuwa sina desturi ya kusimama kabla ya kufika jikoni. Niliingia uani, nikawatawanya kuku, nikaingia jikoni, na samaki akaingia baada yangu, akapiga mlango, akasimama mbele ya mafiga, amejaa mchanga na majani, mdomo wazi, na unyoya mwekundu pembeni ya mdomo.

Bibi alikuwa anakoroga uji. Alimtazama samaki. Akanitazama mimi, nimelala chali nahema. Akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni na shuka nusu.

"Leo umechelewa," akaniambia, akaendelea kukoroga.

Samaki alikuwa mkubwa, urefu wa mkono wa Mjomba kutoka kiwiko hadi vidole. Walipokwenda msikitini habari ilikuwa imeshatangulia, na nasikia wapo waliogeuza shingo katika safu kumtazama mjomba wa yule mtoto. Bibi alimpika samaki wangu kwa tui la karanga na bamia. Watu walikaa, sahani ikaja, Mjomba akanyoosha mkono, akausimamisha hewani.

"Mama. Huyu ni samaki wa Wazungu. Tunajua alikuwa anakula nini? Wale watu wana nyama ya nguruwe kwenye makopo."

Nikaiona Kilimarondo inarudi.

"Samaki huyu," Bibi akasema, "chakula chake cha mwisho ni unyoya wa jogoo wangu. Na jogoo wangu anaamka kabla ya muadhini. Wewe je?"

Mjomba akacheka mpaka akaegemea nguzo, akala. Alikula ubavu, akala mkia, akachukua kichwa akakinyonya macho kwa macho. Wote tulimtazama. Alipomaliza alilamba kiganja, akaniita nikae karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata Hamisi.

"Mpwa wangu, yule Mzungu alikufundisha?"

"Hapana, Mjomba. Yeye alikuwa mganga. Nimeiba dawa yake."

"Umefanya vizuri," akasema, kwa sauti nzito kabisa. "Kwangu hakuna bwawa, na nyani hawashiki unyoya. Kaa na mama yangu umlishe." Mama yangu, aliyekuwa akitazama chini tangu Jumatano, akainua uso.

Miaka mingi baadaye, nikiwa bweni la sekondari, nilifungua kipande cha gazeti la Kiingereza kilichofungiwa sabuni, nikakuta picha ya mtu mwenye viatu vya mpira na fimbo iliyopinda. Nikasoma kwamba huo ni uvuvi, tena mchezo wa starehe, na kwamba manyoya yanafungwa ili samaki adhani ni mdudu. Nilisoma mara mbili. Kulikuwa na maelezo marefu ya namna ya kuchagua fimbo, kamba na manyoya kulingana na samaki, na nikaona fahari tupu, kwa sababu hapakuwa na kitu hata kimoja mle ambacho sikuwa nimekichagua vilevile, ingawa kwa sababu za kipuuzi kuliko zote. Kuhusu samaki kurudishwa majini waliandika ni uungwana. Hapo sikukubaliana nao. Mpaka leo sikubaliani nao.

Jumamosi ile asubuhi Mjomba alitoa baiskeli yake. Sote tulisimama njiani kumsindikiza, na mimi nilisindikiza hadi mwisho wa ua, ambao kwa mtu kama mimi ni mbali. Alinipa mkono kama mtu mzima. Kwenye keria, nyuma, pale nilipokuwa nikae mimi, Bibi alikuwa amemfungia boga kubwa la njano kwa kamba. Mjomba akapanda, akayumba, akashika njia ya Kilimarondo, na boga likaenda likitikisika taratibu kwenye mashimo, halilii, halitazami nyuma, limekaa vizuri kuliko ambavyo ningekaa mimi.

Nililipungia mkono mpaka lilipopotea.